Mashine Iliyokuwa Ikiniuliza

Kwenye khitma ya arobaini ya Bi Kidawa nilikaa kitako kwa muda wa juzuu moja tu, nikainuka. Miguu yangu haijui kukunjwa, ndivyo nilivyoumbwa, na nyumba ile ndiyo kabisa haijawahi kunipa utulivu. Wanawake wenzangu wakanitazama kwa pembe ya jicho, mmoja akanong'ona, "Zuhura naye, hata leo?" Nikajidai naenda kutazama pilau. Sikwenda kwenye pilau. Nilikwenda chumba cha mbele, kile kinachotazama njia, nikasimama katikati yake kama mtu aliyetumwa akasahau alichotumwa. Sasa kimewekwa makochi na zulia jekundu, lakini ukutani, usawa wa kiuno, bado yapo matundu ya misumari tuliyopigilia kushikia nyaya. Nikaingiza kidole katika tundu moja. Chokaa ikamwagika, kama ilivyokuwa ikimwagika enzi zile, na mwaka mzima ukanirudia palepale nimesimama.

Tulikuwa watatu. Mimi nilikuwa najua kuchapa haraka kuliko mtu yeyote niliyemfahamu Bagamoyo. Tatu, shoga yangu tangu tulipokuwa tukikaa dawati moja, alijua kusema na wateja; mtu akiingia kuulizia njia ya posta, anatoka amechapisha barua na kuilipia. Na Hamdani, kijana wa Mlingotini, alikuwa amerudi kutoka Dar na maarifa ya kompyuta kichwani. Kwao wavuvi, baba na babu, yeye mwenyewe samaki alikuwa hamli. Tukakodi chumba hiki kwa Bi Kidawa, mjane aliyekuwa akiishi peke yake vyumba vya nyuma, tukaweka kompyuta tano za mtumba, skrini juu ya meza na masanduku yake sakafuni chini ya meza. Nyuma ya kila sanduku muuzaji alikuwa amebandika stika: ukiichana kabla ya mwaka kwisha, dhamana hakuna. Hamdani aliiheshimu stika ile kama hirizi. Nyumbani kwetu nami nilikuwa nimepewa mwaka huohuo. Duka likisimama, nitaachwa nifanye kazi yangu. Likianguka, nitapelekwa Tanga kwa shangazi, ambako mume alikwisha kutafutwa. Na lilikuwapo jambo jingine ambalo nilimwambia Tatu peke yake: Hamdani alikuwa ameniahidi kwamba wazee wake watakuja kwetu kuposa baada ya Idd.

Basi ungedhani watu watatu wenye riziki moja watapatana. Wapi! Tuligombana mwaka mzima juu ya kitu ambacho mteja hata jina lake hakulijua. Kila kompyuta ina mfumo endeshi, yaani ile programu inayoamka kwanza na kuziamsha nyingine zote; bila huo, kompyuta ni sanduku la bati. Mashine zetu zilikuja na Windows, na Tatu alitaka zibaki hivyo. Hamdani alikuwa na CD za mfumo mwingine, Linux, alizoletewa bure kwa posta kutoka ng'ambo, ndani ya bahasha nzuri ambayo hakuitupa, na alitaka zote tano zihamie huko. Mimi nilikuwa katikati, kwa sababu mmoja alikuwa shoga yangu na mwingine ndiye niliyekuwa namtaka.

Ugomvi ulikuwa na saa yake, nayo ilikuwa saa ya chakula. Mchana Bi Kidawa alikuwa akitupitishia sinia, wali wa nazi na mchuzi wa papa, na kachumbari yenye pilipili mbuzi iliyomfanya Tatu apige chafya kabla hajaigusa. Tulikula watatu sinia moja, Hamdani akila wali na kachumbari tu, mkeka umetandikwa kati ya meza, kisha Hamdani anasimama mlangoni na birika kuhakikisha kila mmoja amenawa kwa sabuni, maana mafuta kwenye kibodi kwake ilikuwa dhambi. Lakini kabla ya kunawa, maneno.

"Mteja anataka nini?" Tatu angeuliza, tonge mkononi. "Anataka aandike barua yake, aichape, aende zake. Windows anaijua. Kaiona ofisini, kaiona kwa shemeji yake. Wewe unamwekea kitu ambacho akikitazama anaanza kusoma dua."

"Na hiyo Windows yenu ni ya kunakiliwa vichochoroni," Hamdani angejibu. "Haina kibali. Kila flashi inayoingia humu inaingia na virusi wake. Jana yule mama kapoteza wasifu wa mwanawe mbele ya macho yako. Linux virusi wale haiwajui, ni ya bure na bure yake ni ya halali, na kama kitu hukipendi unakifungua ndani ukakibadilisha."

"Nani akibadilishe? Mimi?"

"Ukifundishwa."

"Mie nimefuata riziki hapa, sikufuata uhandisi! Haya, na printa? Linux yako imeshazungumza na printa?"

Hapo Hamdani alikuwa akichokonoa mwiba usiokuwapo wa papa asiyemla. Printa yetu iliigomea Linux kabisa, na programu ya kuwapatanisha ilibidi ifuatwe Dar, kwa kuwa intaneti yetu ilikuwa inadondoka tone tone. Wote wawili walikuwa na haki, jamani, na hilo ndilo lililonitia wazimu. Tatu alikuwa akimfikiria mwalimu, karani, mama mwenye kadi ya harusi, watu wasiotaka kujua ndani ya sanduku mna nini. Hamdani alikuwa akijifikiria yeye, na mimi pia, kwani wateja wakipungua alikuwa akiniita kwenye lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Unaandika mstari mmoja, mafaili mengi yanajipanga yenyewe kwa majina. Mara ya kwanza kufanikiwa nilipiga kelele mpaka wapita njia wakachungulia. Nilikuwa sijawahi kuiambia mashine kitu kwa maneno yangu mwenyewe ikanitii.

Mwisho tukaafikiana nusu kwa nusu. Mashine mbili Windows, mbili Linux, na ya tano, ambayo Hamdani aliinunua kwa fedha zake na kunipa mimi niitumie, akaiwekea zote mbili. Ukiiwasha mashine ile, kabla ya jambo lolote, ilikuwa ikikuandikia majina mawili kwenye skrini: Linux, Windows. Chini yake tarakimu zinahesabu kurudi nyuma. Ukichagua, inaingia ulikochagua. Usipochagua, tarakimu zikiisha inaingia Windows yenyewe, na aliyeipanga hivyo ni Hamdani, ili wateja wasihangaike. Kila asubuhi mashine ilikuwa ikiniuliza swali lilelile ambalo wale wawili walikuwa wakiniuliza kwa macho. Siku nyingine nilibonyeza Linux, siku nyingine Windows, nikijilazimisha kuwa mwadilifu kama mume wa wake wawili. Nilichoka nayo, wallahi. Nilikuwa nikiiwasha kisha nainuka, nazunguka chumba, nafungua dirisha, nafunga dirisha.

Kisha zikaanza kuzima. Mashine inafanya kazi vizuri, ghafla, pap! giza. Unangoja, unaiwasha, inakwenda kidogo, pap! Mwanzo ilikuwa mara moja kwa siku, baadaye kila alasiri, baadaye hata kabla ya adhuhuri. Ya Windows ikizima, Hamdani anasema, "Virusi hao, niliwaambia." Ya Linux ikizima, Tatu anasema, "Lidude lako limechoka." Hamdani akiulizwa ya kwake alisema ni umeme, Tatu akiulizwa ya kwake alisema bahati mbaya. Mimi nilikaa kwenye ile yenye mifumo yote miwili, nikiiona inazima huku na inazima kule bila upendeleo. Niliwaambia. "Si Windows, si Linux. Hebu tufungue masanduku." Hamdani akaonyesha stika. Tatu akasema, "Unamtetea huyo." Siku hiyohiyo Hamdani naye akaniambia namtetea Tatu.

Bi Kidawa hakuwa kiziwi. Jioni moja nilimsikia dirishani akimweleza jirani yake. "Wanagombana kama wake wenza," alikuwa akisema, "na mume mwenyewe sanduku." Jirani akacheka. Bi Kidawa hakucheka. "Husda hiyo, mwenzangu. Watu wameiona biashara ya watoto, wameitia jicho." Na kwa sababu aliamini hivyo, kila siku baada ya sala ya alasiri alikuwa akitoka vyumba vya nyuma na chetezo chake kimesheheni makaa, udi na ubani wa kutosha harusi, akizunguka chumba kizima huku midomo ikicheza kwa dua. Alifunga madirisha kwanza moshi usipotee. Alipitisha chetezo chini ya kila meza, taratibu, akikizungusha kila sanduku, na kwangu mimi ndiko alikokiacha kimalizikie. "Wewe ndiye unayehangaika zaidi, mwanangu," aliniambia. Nilimshukuru. Nguo zangu zilinukia wiki nzima.

Kazi kubwa ya mwaka ule ilitoka Miono. Mwalimu mmoja wa taaluma alikubali tumchapie mitihani ya majaribio ya shule yake na shule jirani, na akasema wazi: ikitoka vizuri, kazi yote ya mwaka unaofuata ni yetu. Tulijua maana yake. Duka lingesimama. Tatu akaipangilia mitihani kwenye mashine yake, Windows, majedwali na michoro, akaimaliza Alhamisi. Ijumaa mchana akaenda kwao kula. Alipotoka tu, kirusi kikaanza kuyageuza mafaili kwenye mashine yake, Hamdani akakiona, na akafanya alichokiona ni sawa: akanakili kila kitu, akaifuta Windows, akaweka Linux. Hakupoteza faili hata moja. Lakini Tatu aliporudi na kufungua mtihani wa baiolojia ndani ya Linux, mchoro wa moyo ulikuwa umekaa juu ya maswali, majedwali yametawanyika, namba ya swali iko ukurasa huu na swali lenyewe ukurasa wa pili. Na printa, kama kawaida yake, haikutikisika.

"Nani kakutuma?" Tatu akasema.

"Nimeyaokoa mafaili yako."

"Nimekuuliza nani kakutuma!"

Mwalimu wa Miono akapiga hodi katikati ya maneno hayo. Tukamkalisha, tukampa maji, na kwa kuwa ile Windows nyingine ilikuwa imekwisha kuzima, nikamwambia tutamalizia kwenye mashine yangu. Nikaingia Windows, lakini Linux ilikuwa imeyahifadhi mafaili kwa mpangilio wake, nikaanza kurudisha majedwali mahali pake, vidole vinakimbia. Pap! Nikaiwasha, nikaingia Linux ili nione kama huko itadumu. Pap! Mwalimu alitazama saa ya ukutani, akatazama sisi, akasimama. Hakugomba. Alisema, "Wanangu, mtanisamehe, watoto wana mtihani Jumatatu," akachukua flashi yake akaenda kutafuta gari la Dar. Tukabaki watatu. Tatu akamgeukia Hamdani, akamwambia neno ambalo najua hata yeye hakulikusudia mpaka lilipokwisha kutoka: "Rudi kwenu Mlingotini ukaparue samaki, ndiyo saizi yako."

Hamdani alinigeukia mimi. Nilikuwa nimeiwasha tena mashine, majina mawili yako kwenye skrini, tarakimu zinashuka. "Na wewe?" akauliza. "Leo useme. Uko wapi?" Nilikuwa na hasira nao wote wawili. Nilitaka mtu mmoja tu aniulize nimeona nini, si niko upande gani. Nikamkazia macho. Yeye akatazama skrini. Tarakimu zikaisha, mashine ikaingia Windows. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu. Akachomoa nyaya moja moja, akazikunja vizuri, akaibeba ile mashine, ambayo ilikuwa mali yake, akatoka. Bi Kidawa alikuwa amesimama ukumbini na chetezo mkononi. Akamfukizia mgongoni akipita.

Tukabaki na mashine nne. Nazo ziliendelea kuzima, hata ile Hamdani aliyoisafisha virusi, na siku moja nikapandwa na hasira. Nikachukua kisu cha Bi Kidawa cha kukatia vitunguu, nikaipasua stika, liwalo na liwe, nikafungua sanduku. Feni ya ndani ilikuwa haizunguki. Ilikuwa imevikwa kitu cheusi, kinata, masizi yaliyoshikana na chokaa ya dari na unyevu wa chumvi, kigumu kama ukoko. Mashine ilikuwa inapikika ndani ya ngozi yake. Nikaukwangua ukoko ule kwa ukucha, nikaunusa. Nikampa Tatu anuse. Tukatazamana, na wakati huohuo alasiri ilikuwa imekwisha kusaliwa, mlango ukafunguliwa, na Bi Kidawa akaingia na moshi wake. "Bismillahi," akasema, "fungeni madirisha, wanangu."

Tatu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha kicheko kikageuka, akawa analia na mtandio mdomoni. "Nimemwambia akaparue samaki," akawa anasema. "Zuhura, nimemwambia akaparue samaki." Bi Kidawa alidhani tumefiwa. Hatukumwambia, wala hatukumwambia mpaka amekufa, maana alikuwa akitufukizia kwa mapenzi, na mapenzi hayarudishwi kwa mwenyewe yakiwa yamegeuka masizi. Tatu, fundi wa maneno, alifuta macho akamwambia kwamba husda huingilia mlangoni, na yeye akifukiza kizingitini inatosha, haiwezi kupita. Bi Kidawa akafikiri. "Na kweli," akasema, "inapitia wapi tena?" Tangu siku ile chetezo kilikaa mlangoni, wateja wakaingia wakinukia. Tukayasafisha masanduku kwa mswaki na spiriti. Windows ikafanya kazi kutwa nzima. Linux ikafanya kazi kutwa nzima. Hazikuwa na neno hata moja, maskini.

Tatu alikwenda Mlingotini mwenyewe kumwomba radhi. Akarudi na furushi la samaki wa kukaanga alilopewa na mama yake Hamdani, na habari kwamba mwanawe yuko Dar, hajulikani anarudi lini. Mimi sikwenda. Mtoto wa kike hamfuati mwanamume, ndivyo tulivyolelewa, na mimi nisiyejua kutulia nikatulia palepale ambapo haikunipasa. Nilingoja. Idd ikaja, nikavaa nguo mpya, nikakaa nyumbani kutwa, kila hodi moyo unaruka, ikawa ni watoto wanataka mkono wa Idd. Hakuna mzee aliyekuja. Duka likasimama, Tanga sikupelekwa, Tatu akaolewa Pangani, na mimi nikaolewa na mtu wa Zinga, mtu mwema, sina ninachomlalamikia. Siku hizi vijana wanakuja dukani kwangu wananiuliza: "Mama, ipi bora, Windows au Linux?" Wanataka jibu moja la kwenda nalo. Mimi nawauliza: unataka kuifanyia nini, na ikikwama una nani karibu wa kukusaidia? Kama kazi yako ni barua na hesabu za duka, na kila jirani anaijua Windows, usijitese. Kama unapenda kuchokonoa, au mashine yako ni kuukuu, au umechoka na virusi, chukua Linux, lakini uwe na mtu. Mfumo bila mtu wa karibu ni mateso. Wananiona nawazungusha. Siwazungushi.

"Zuhura. Bado tu hukai?"

Nilikitoa kidole ukutani. Hamdani alikuwa amesimama mlangoni, kanzu nyeupe, ndevu zimeingia mvi, viatu mkononi. Wanaume walikuwa wakisomea nje chini ya turubai. Naye pia, nikajua, alishindwa kukaa. Tukasalimiana kama watu wazima, salaam alaykum, waalaykum salaam, watoto hawajambo, hawajambo. Tatu, akauliza. Yuko Pangani, nikasema, kashindwa kuja, anaumwa miguu, na anakuomba radhi mpaka leo. Akacheka kidogo. "Mwambie siku hizi samaki nakula."

Kisha akatazama mahali meza yangu ilipokuwa. "Ile mashine ninayo," akasema.

"Ile? Inafanya kazi?"

"Inawaka. Ikipata moto inazima."

Nikamwambia polepole, kama mtu anayeogopa kumwaga kitu, "Hamdani. Ndani yake mna masizi. Ni udi wa Bi Kidawa. Ifungue, safisha feni, itapona."

"Najua," akasema. "Niliifungua mwaka uleule, nimefika Dar tu. Nikaona. Nikaifunga."

"Hukuisafisha?"

"Ningeisafisha, ingeacha kunukia."

Sikujua nicheke au nimpige. Hasira niliyodhani imekufa zamani ikapanda yote, ileile. "Mwaka uleule! Umejua mwaka uleule kwamba hakuna mwenye kosa, na hukurudi? Mimi nimekaa Idd nzima nasikiliza mlango!"

Alikuwa akiitazama sakafu. Kutoka uani wakaniita, "Zuhura! Pilau inaungua, wewe uko wapi?"

"Ningerudi niseme nini?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ya yule kijana wa birika na sabuni. "Niwaambie wazee wangu nini? Kwamba tuliachana kwa ajili ya moshi?"

"Ungesema hivyohivyo," nikamwambia.